Kilichokuwa Nyuma ya Shabaha

Usiku wa jana, nikiwa sijavua hata soksi, niliota mlango wa duka la silaha ukiniamkia.

"Shikamoo," ulisema mlango.

Ulikuwa mlango wa chuma, umenizidi umri kwa miaka mingi, na kwa haki mimi ndiye niliyepaswa kuuamkia. Lakini nilikuwa na haraka. Kibali changu cha kununua bastola kilikuwa kinaisha Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa imeshafika. Ilikuwa imekaa kwenye benchi la nje, imekunja nne, inanisubiri nimalize.

"Marahaba," nikaitikia, nikaingia.

Niseme kwanza nilichokifuata, asiyenijua asije akadhani napenda bunduki. Mimi ni broka wa madini. Nanunua tanzanite kwa wachimbaji wadogo wa Mererani, nayakunja mawe kwenye karatasi nyeupe, nayaleta Arusha mjini. Dada Sifaeli, aliyenifundisha kazi hii, alivamiwa langoni kwake mwezi Machi. Aliwapa karatasi zote bila kubisha, wakampiga panga hivyo hivyo. Siku hizi anafungua karatasi kwa mkono mmoja na meno. Mimi nami, mara tatu mwezi huu, pikipiki nyekundu isiyo na namba imenifuata kutoka Mererani mpaka njia panda ya kwetu. Mara ya tatu ilipunguza mwendo, na aliyepakiwa nyuma akanipungia mkono.

"Aikande," aliniita, "msalimie mama."

Hapo ndipo nilipojaza fomu.

Mama alikikuta kibali kwenye mkoba wangu jana jioni. Hakupiga kelele. Alisema nikitaka kuendelea kulala chini ya bati lake nimwombe radhi, na kesho yake nikirudishe. Nikaenda kulala bila kumjibu, na soksi zangu.

Basi nikawa dukani.

Ukutani kuna kanuni nne, zimeandikwa kwa chaki. Kila bastola ina risasi. Usiielekeze kwa usichotaka kukipoteza. Kidole kikae nje mpaka umeamua. Jua kilicho nyuma ya shabaha.

Nazisoma, naona ni za kawaida. Halafu nautazama mkono wangu wa kulia na kukuta una vidole vinne. Kile cha shahada hakipo. Nachungulia dirishani. Kimekaa kwenye benchi, kando ya Ijumaa, kinaota jua.

"Kitaingia ukishaamua," alisema mwenye duka.

Alikuwa Mzee Kivuyo, yule yule niliyemkuta dukani mchana, ila alikuwa amejifunga kitambaa machoni. Nikamuuliza kulikoni. Akasema nimeomba silaha ya kubeba chini ya nguo, isiyoonwa na mtu, na yeye ni mtu.

"Wewe si ndiye uliyetazama ndani ya mtutu jana?" akaniuliza.

Nikakiri. Sisi mabroka hatununui kitu bila kukiinua juani na kukitazama kwa ndani. Ni mazoea ya mkono. Jana mchana, nikiwa macho kabisa, nilipewa bastola niishike nikaiinua juani kama jiwe, jicho moja nimelifumba, mdomo wa bastola ukiwa usoni pangu. Mzee Kivuyo alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa wauza matairi. Nikamwomba radhi pale pale.

"Radhi yako ilifika," alisema. "Nimeiweka."

Akavuta droo. Radhi yangu ilikuwa mle ndani, imekunjwa kwenye karatasi nyeupe, kwa mkunjo wa kwetu sisi mabroka. Ilikuwa ndogo, safi, haina ufa. Nilijivunia kidogo.

Bastola tatu zilikuwa zimelazwa juu ya kitambaa, midomo yote imeelekea ukutani. Hata bango la tangazo lenye picha ya bastola lilikuwa limegeuzwa lisitazame mlangoni, kwa sababu nalo lilikuwa na risasi.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya kisasa, nusu yake plastiki.

"Mimi nabeba kumi na saba," ilisema kabla sijaiuliza kitu.

"Kumi na saba za nini?"

"Kumi na sita za kukosea."

Ya pili ilikuwa ya zamani halisi, imenakshiwa maua, inang'aa kama kijiko cha harusi. Haikutaka kuzungumza nami. Ilimgeukia Mzee Kivuyo ikasema, "Mwambie binti asinipumulie." Nikatazama kibandiko cha bei. Kibandiko nacho kikageuka pembeni kwa aibu.

Ya tatu ilikuwa imelala kimya. Ilikuwa na umbo lile lile la zamani, nyundo imetokeza nyuma, mpini wa mbao, mwili mwembamba kama kitabu cha nyimbo. Nikaishika. Ilikuwa nzito, uzito wa kutulia, kama mtoto anayesinzia.

"Mimi ni nakala," ilisema. "Tuelewane mapema. Mchoro ni wa miaka mia iliyopita, kiwanda ni cha juzi, chuma ni cha watu wa kawaida. Mpini ni mninga. Nabeba saba."

"Saba zinatosha?"

"Ukimaliza saba na bado upo hapo, ulichelewa kukimbia."

Niliipenda kwa jibu hilo. Ikaniambia mgongoni ina kizuizi, kwamba isiposhikwa kwa kiganja kizima hailii, na kwamba wembamba wake utanisaidia, kwa kuwa silaha nene humtoa mtu kigongo kiunoni hata akivaa blanketi. Bei yake ilikuwa theluthi ya ile ya maua. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa, ndipo nikauliza swali ambalo mteja yeyote angeuliza.

"Hii sasa hivi ni tupu?"

Saa ya ukutani ikasimama. Bastola ya kisasa ikajifunika kitambaa. Mzee Kivuyo akatafuta kiti kwa kupapasa, akakaa.

"Neno hilo hatuuzi hapa," alisema. "Tuliliuza mara moja tu, mwaka elfu mbili na moja. Tuliambiwa lilipofikia."

"Lilifikia wapi?"

"Chagua ala kwanza," akasema.

Ala za kuwekea bastola zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kama samaki wa kukausha. Ya kitambaa laini ilikuwa ya kwanza kunyoosha mkono, ikajisifu kwamba ni ya bei ya chini kuliko zote na haisumbui kiuno. Nilipoigusa ikalegea yote, mdomo ukajifumba.

"Huyo akishatolewa bastola hawezi kuipokea tena," ilisema sauti nene juu yangu. "Na ukikaa vibaya, kipande cha nguo kinaingia kwenye kifyatuo. Achana naye."

Ilikuwa ala ya ngozi nene, ya rangi ya chai ya rangi, imeshonwa kwa mkono.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mimi nilikuwa dume la Monduli. Nilikufa kwa uzee, sina kinyongo na mtu. Vaa nikuone."

Nikaivaa. Ikaniamuru nikae. Nikakaa. Ikaniamuru niiname kama nafunga viatu, nipande ngazi, nikimbie, nicheke. Nilipocheka ikasikiliza kwa makini, kwa sababu tumbo la mtu hubadilika akicheka.

"Kazini unavaa nini?"

"Dera."

"Dera!" Ala ilivuta pumzi ndefu ya ng'ombe. "Dera halina pa kushika, mwanangu. Utavaa mkanda wa ngozi ndani, mpana, wa kiume. Mimi nitakaa juu ya mkanda, nyuma kidogo ya nyonga. Nitafunika kifyatuo chote, hata unywele usipite. Nitakuwa na mdomo wazi daima, ili ukimrudisha mwenzangu usinitafute kwa mkono wa pili. Mkono wa pili una kazi ya kumsukuma mtu unayempenda."

Sikuielewa sentensi ya mwisho. Niliichukua tu, kama mtu anavyochukua risiti.

"Nimeamua," nikasema.

Mlango ukafunguka. Kidole changu kikaingia kikitembea wima, kikapanda kaunta, kikajirudisha mahali pake. Kilikuwa cha moto kwa jua.

Nikatoka na bastola nyuma ya nyonga, chini ya dera. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka sasa nikilikumbuka shingo inanisisimka.

Hakuna mtu anayeitazama. Mji mzima umenipa mgongo. Wauza matairi wamegeukia ukuta. Wanawake wa ndizi wamefunika nyuso kwa kanga. Askari wa barabarani amesimama katikati ya njia nne, amefumba macho, ameinua mikono yote miwili, na magari yote yamezimwa. Njiwa wa paa la msikiti wameficha vichwa chini ya mbawa. Natazama juu kaskazini, na Mlima Meru, mlima mzima, unavuta wingu taratibu mpaka usoni, kama bibi anayeshusha ushungi mbele ya mgeni.

Hakuna sauti. Nasikia ngozi ya dume la Monduli ikinong'ona na mkanda wangu.

Nilitaka kuwaambia wasijisumbue. Nilijiona mdogo sana kubeba kitu ambacho mlima unaona haya kukitazama. Nikapita katikati yao, polepole, kama mtu anayepita mbele ya wanaosali.

Nilipofika pa wazi, jua likawa zuri. Lilikuwa jua la saa nne, jua la kazi, lile tunalolingojea mabroka ili tuone kama jiwe lina ufa. Mkono wangu haukuniuliza. Ulitoa bastola, ukaiinua, ukafumba jicho langu moja, na mimi nikatazama ndani.

"Kanuni ya pili," ilisema bastola kwa huzuni.

Nikajipoteza.

Ndani ya mtutu hakuna giza. Kuna mwanga wa bluu, bluu ya jiwe la daraja la juu kabisa, lile ambalo nimeliona mara mbili maishani na mara zote mbili lilikuwa la mwingine. Mifereji inazunguka ukutani kama ngazi za mnara. Natembea juu yake. Kila hatua inaugeuza mwili wangu kidogo upande wa kulia. Naona mbali sana mbele kuna duara jeupe, na hapo mbele ya duara pamesimama karatasi ya shabaha yenye mchoro wa mtu.

"Samahani, kaka," nikaiambia shabaha. "Napita."

"Hupiti mpaka ujue kilicho nyuma yangu."

"Nitajuaje bila kupita?"

Shabaha ikafikiri. "Wewe ni wa kwanza kuuliza," ikasema. "Wengine wote hupiga tu." Ikajikunja pembeni kama pazia.

Nyuma yake ilikuwa sebule yetu.

Niliijua kwa sakafu, ile saruji nyekundu yenye ufa wa umbo la mto. Lakini viti vilikuwa vipya. Na kalenda haikuwapo. Sebuleni kwetu kuna kalenda ya mwaka 2001 ambayo haijawahi kushushwa. Nikiwa mdogo niliigusa, mama akanichapa mkono, akasema nyuma yake kuna mchwa. Katika ndoto ukuta ule ulikuwa mzima, mweupe, hauna mchwa wala kalenda.

Mezani alikaa mwanamume kijana, shati limefunguliwa vifungo viwili, amezungukwa na vitambaa na chupa ya mafuta ya mashine. Alikuwa anasafisha bastola ya umbo lile lile la zamani. Nilimjua kwa masikio. Ni yale ninayoyaona kwenye kioo. Alifariki kwa homa ya ini nikiwa na miaka minne, na sauti yake nilikuwa nimeshaisahau.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama Aikande katoka kidogo, kaenda kuchota maji. Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa hapa hapa."

"Haya. Kaa, usiogope hii." Aliiinua bastola, akatabasamu vizuri sana. "Tupu hii."

Nikaliona neno likitoka. Lilikuwa na kibandiko cha duka.

"Baba, usi..."

Akavuta.

Sauti haikutoka. Ilitoka risasi tu, ndogo kama punje ya mahindi, ikaanza kwenda hewani kwa mwendo wa mtu anayewahi kanisani. Nikaondoka nayo, bega kwa bega.

"Unakwenda wapi?" nikaiuliza.

"Mbele."

"Mbele kuna ukuta."

"Nimeuona."

"Na nyuma ya ukuta?"

"Hilo mngejua ninyi," ilisema risasi. Haikuwa na ubaya wowote. "Mimi nilielekezwa tu. Sijawahi kupewa macho."

Ikaingia ukutani. Tundu lilikuwa dogo, lakini mimi nilipita, sijui vipi, kwa kuinamisha kichwa.

Upande wa pili kuna chumba cha kulala. Kuna dirisha. Chini ya dirisha kuna kitanda cha mtoto, cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani ya majani mabichi. Ndani yake kuna mtoto wa miezi sita. Hajalala. Ana masikio yale yale. Ananitazama kana kwamba nimechelewa.

Risasi inatoka ukutani nyuma yangu, inapangusa vumbi, inaendelea.

Sikuwahi kuona kitu kinachonitisha na kunituliza kwa pamoja namna ile. Maisha yangu yote, mawe yote niliyowahi kuyakunja, dada Sifaeli na mkono wake, mama na kalenda yake, vyote vilikuwa vimelala mle kitandani vikinyonya kidole gumba. Na punje ya mahindi ilikuwa inavifuata kwa adabu.

Bastola yangu ilikuwa mkono wa kulia. Nikairudisha kwenye ala bila kutazama, na mdomo wa ala ulikuwa wazi, ukaipokea. Mkono wa kushoto ukabaki huru. Ndipo nikaielewa ile sentensi.

Nikasukuma kitanda.

Kilikuwa kizito kama lori la kokoto. Nikaongeza mkono wa kulia, kidole cha shahada kikazama kwenye rangi. Miguu ya kitanda ikalia kwenye saruji. Kikasogea shibiri. Kikasogea mkono mzima, kuelekea mlangoni. Risasi ikapita pale kilipokuwa, ikatoboa chandarua, ikatoka dirishani. "Kwaherini," ilisema, ikaendelea na safari yake.

Mtoto akacheka. Dume la Monduli likasikiliza tumbo lake.

Baba akaingia mbio, mikono kichwani. Nyuma yake akaingia mama, kijana, ndoo bado iko kichwani na maji yanamwagika mabegani. Akatazama tundu. Akatazama chandarua. Akamtazama baba, akasubiri.

Baba akafungua kinywa. Radhi ilikuwa mle, niliiona kwa macho yangu, kubwa kama yai la bata. Akaisukuma kwa ulimi. Ikakwama kwenye meno. Akajaribu tena. Mwishowe akafunga mdomo, akaimeza nzima, shingo ikavimba na kushuka. Akatoka kwenda sebuleni. Nikasikia nyundo ikipiga msumari, kisha karatasi ikitundikwa.

Mama alibaki amesimama na ndoo yake, anasubiri.

Nikaamka.

Soksi zilikuwa miguuni. Kulikuwa kumekucha, na jikoni mwiko ulikuwa unagonga sufuria. Nikajiambia ni ndoto, watu huota. Nikainua mkono nijifute uso, na nikaona, chini ya ukucha wa kidole cha shahada, kipande cha rangi kavu. Kijani cha majani mabichi. Nyumba yetu haina kitu cha kijani. Mama hapendi rangi hiyo, hata sahani.

Nikaenda sebuleni kwanza. Nikaishusha kalenda. Tundu lilikuwa pale, la duara, limekaa kimya. Mchwa hatoboi duara.

Kisha nikaenda jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala na soksi tena kama mlevi."

"Mama, kitanda changu cha uchanga kilikuwa na rangi gani?"

Mwiko ukasimama kwenye uji. "Nani kakwambia ulikuwa na kitanda?"

Nikamwonyesha ukucha. Aliushika mkono wangu, akausogeza mlangoni penye mwanga, akatazama muda mrefu, kama broka.

"Nilikiacha dirishani," alisema. "Kwa mikono yangu hii. Nikakikuta karibu na mlango. Baba yako akaapa hakukigusa. Nikamwona mwongo juu ya yote. Nilikichoma, Aikande, nyuma pale penye migomba, wewe hata kukaa hujaweza." Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Miaka yote hiyo tuliishi hatujalisema. Sikutaka fidia. Nilitaka neno moja."

"Najua. Nililiona."

Akauachia mkono wangu. Akarudi kuwa mama.

"Basi umeona mwenyewe. Rudisha hicho kibali, uniombe radhi, tunywe uji."

Uji ulikuwa unachemka vizuri. Nilifikiria pikipiki nyekundu, na sauti ile iliyosema nimsalimie mama.

"Saa tatu nakwenda dukani," nikasema. "Nachukua ile ya mpini wa mninga, na ala nene inayofunika kifyatuo chote. Itakaa kwenye kasha la chuma, funguo shingoni mwangu. Na neno tupu halitasemwa juu yake humu ndani, si na mimi, si na mgeni, hata siku moja. Najua kilicho nyuma ya kila ukuta wa nyumba hii, mama. Wewe."

"Na radhi yangu?"

"Mzee Kivuyo nilimwomba, kwa sababu nilimkosea. Hii unayoidai wewe ni ya baba, na aliondoka nayo tumboni. Siwezi kumlipia."

"Aikande."

"Abee, mama."

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho."

"Siombi."